Ekari Iliyobaki Dumuni

"Na aliyewaza, yeye halimiwi?"

Semeni aliuliza hivyo mbele ya wote. Wote wakageuka kulitazama trekta.

Hapo zamani, si zamani ile ya kukosa trekta, watu watatu wa bonde moja waligaiwa trekta kwa siku moja na dizeli ya ekari tatu: ekari moja kila mtu. Kila mmoja alikuwa na ekari ya pili, lakini hiyo ilisubiri jembe la mkono.

Desturi ilikuwa kufuata majina. Mzee Chambuso jina la kwanza, shamba lake mlimani. Mama Tabu la pili, shamba lake chini barabarani. Semeni la tatu, shamba lake mlimani tena. Na trekta likimaliza, liende kijiji cha ng'ambo ya mlima.

"Yaani lipande, lishuke, lipande tena?" Semeni aliwaka. "Linalima hewa hilo! Lianze kwa Mama Tabu, likatize shambani kwake, lipande mara moja tu."

Wakakubali. Jioni, ekari tatu zimeshalimwa, na kwa safari iliyookolewa dumuni ikabaki dizeli ya ekari moja zaidi. Mvua imeshaanza kudondoka.

"Yangu hiyo," alisema Mzee Chambuso. "Nilikuwa wa kwanza, nikangoja. Je, kama ningekataa?"

"Wewe ulingoja, baba, mimi nilikanyagiwa mihogo!" alisema Mama Tabu. "Matuta manne! Njoo uyahesabu!"

"Mama Tabu, wewe ulilimiwa wa kwanza, na jina lako la pili. Hujashiba?" alijibu Mzee.

"Mihogo yangu imeshiba matairi!"

Semeni akasema, "Bila mimi lingekuwa bado linapanda na kushuka."

"Binti, wewe umepoteza nini?" Mzee alicheka. "Umesema tu. Maneno hayaoti."

Semeni akahesabu mikono ya kila nyumba. Mzee ana wana wanne wa kushika jembe. Mama Tabu ana mume. Yeye ana mama asiyeinuka kitandani kwa mgongo, na mikono yake miwili. Asubuhi, maneno yake yalikuwa akili. Sasa pana cha kugawa, yamekuwa maneno tu!

"Basi tugawane," alisema Mama Tabu.

Dereva akatikisa kichwa. "Nikizunguka kwenu nyote, dizeli itaishia njiani. Shamba moja. Semeni, wewe uliyepanga njia, nielekee wapi?"

"Usimuulize huyo!" wakafoka wawili kwa pamoja.

Injini ikanguruma. Mvua ikazidi.

Je, nani alistahili? Mzee aliyeachia nafasi, mama aliyekanyagiwa mihogo, au binti aliyewaza? Usiniambie wote. Nitajie jina moja.