Muhuri Kwenye Mkia wa Kiboko

Aliyenisimulia kwanza ngano hii ni Bi Sikudhani, jirani yangu, ambaye hupika chai ya walimu katika chuo kikuu kimoja. Siku hiyo nilikuwa nikimlalamikia kuhusu fomu yangu ya masomo ya jioni. Mimi niliishia darasa la saba, nataka kuendelea. Fomu inahitaji sahihi ya mtendaji wa kata, na imekaa mezani kwake tangu mwanangu hajaota jino. Sasa ana meno manne.

Bi Sikudhani akacheka. "Mama Tunu, hayo yako ni madogo. Ya chuoni siwezi kuyataja kwa majina ya watu, nitafukuzwa kazi. Nitayataja kwa majina ya wanyama."

Nami nawasimulia kama alivyonisimulia.

Kaeni!

Tumekaa!

Tegeni masikio!

Tumeyatega!

Na atakayesinzia?

Amwagiwe maji!

Hapo kale kulikuwa na chuo cha wanyama, kando ya mto. Mkuu wa chuo alikuwa Kiboko. Kila mwaka alikuja Korongo kutoka nchi za mbali, akiwa na nafasi moja ya kubadilishana walimu. Mwalimu mmoja wa hapa aende huko mwaka mzima, afundishe anachokijua na achunguze asichokijua. Wa huko naye aje hapa. Chakula na malazi, juu ya wenyeji.

Jambo zuri, si ndiyo? Ngojeni.

Barua ya kuomba haikwenda moja kwa moja kwa Korongo. Ilikuwa lazima iandikwe "Kupitia kwa Mkuu", na Mkuu aipige muhuri. Muhuri wenyewe Kiboko aliufunga kwenye mkia wake, ili asiuguse yeyote.

Basi mwalimu akiandika barua, Kiboko anafuta jina la mwalimu, anaweka lake. Hasomi. Anafuta, anaandika, anapiga muhuri, pa! Halafu huyo, anapanda meli. Mwaka mmoja alikwenda kwenye ziwa la kaskazini, akarudi amevaa skafu.

"Mkuu, huko ulifundisha nini?" walimu walimuuliza.

"Nilifundisha kupiga miayo."

"Na ulichunguza nini?"

"Kabichi zao. Ni nzuri."

Katika chuo hicho alikuwepo Mwalimu Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe, asiye hata na mkia. Yeye hakutaka skafu wala kabichi. Kila kipupwe watoto wa pimbi walikufa kwa baridi. Kipupwe kilichopita yeye mwenyewe alizika wawili. Alisikia kwamba ng'ambo kuna Mlima wa Barafu, na juu yake wanaishi pimbi ambao watoto wao hawafi. Alitaka kwenda kujifunza wanafanyaje. Naye angewafundisha kuweka zamu ya kumlinda mtoto dhidi ya tai.

Akaandika barua. Akaipeleka.

"Puuu!" Kiboko akapumua. "Weka mezani. Njoo kesho."

Kesho akaenda.

"Puuu! Inashughulikiwa. Njoo kesho."

Kesho akaenda tena.

"Puuu! Mbona una haraka? Wewe una miguu mifupi, unakimbilia wapi? Njoo kesho."

Kesho akaenda, akakuta Kiboko amesafiri kwa barua yake. Mwaka wa kwanza hivyo. Mwaka wa pili hivyo. Mwaka wa tatu Pimbi alikaa juu ya jiwe akalia mpaka Nungunungu, mwalimu mwenzake, akachoka kumsikiliza.

"Acha kuandika barua, dada yangu," Nungunungu alisema. "Unamwandikia yeye."

Pimbi akaacha kulia. Akafuta machozi. "Kweli," alisema. "Ninamwandikia yeye. Basi mwaka huu nitamwandikia vizuri."

Barua ya mwaka wa nne aliiandika kwa wino, lakini jina lake aliliandika kwa mkaa, ili lifutike upesi. Akaipeleka.

"Puuu! Weka mezani. Njoo kesho."

"Nitakuja, Mkuu," alisema Pimbi, na kwa mara ya kwanza kesho yake hakurudi.

Korongo alipofika, walimu wote waliitwa kwenye mwamba mkubwa nyuma ya chuo. Kiboko akatoa barua. Korongo akavaa miwani, akasoma.

"Ndugu Kiboko, barua hii umeiandika wewe?"

"Kila neno!"

"Umeandika vizuri mno. Hapa unasema, 'Nitaishi ndani ya ufa wa jiwe, kama ninavyoishi siku zote.'"

Walimu wakakohoa. Kiboko akageuza masikio.

"Unasema, 'Sitaoga mwaka mzima.' Unasema, 'Nikifika kwenu nitawaonyesha ninavyoingia ufani kabla tai hajapepesa jicho.' Mwaka huu wenyeji wameniagiza nione kwa macho yangu. Ufa huo hapo. Tafadhali."

Kiboko akautazama ufa. Ulikuwa mwembamba kuliko mguu wake. Lakini angesema nini? Kwamba hakusoma? Akarudi nyuma hatua kumi, akakimbia, gudu gudu gudu, akajisukumiza. Kwaa! Kichwa na mabega vikaingia. Tumbo likakataa. Nje yakabaki makalio, mkia, na muhuri unaning'inia.

Jua likapanda. Ngozi ya kiboko haiwezi jua. Ikaanza kuungua.

"Nitoeni!" alilia.

Walimu wakamsukuma huku, wakamvuta huku. Wapi! Kadiri alivyokasirika ndivyo alivyofura. Puuu! Puuu!

Pimbi akasogea karibu na sikio lake, kwa adabu.

"Shikamoo, Mkuu. Najua namna ya kutoka. Lakini nina barua nyingine hapa, ina jina langu kwa wino. Inaomba muhuri."

"Njoo kesho!"

"Sawa, Mkuu. Kesho nitakuja. Wewe endelea kupumzika."

Akaanza kuondoka.

"Leo! Njoo leo!"

"Inashughulikiwa?"

"Imeshashughulikiwa! Piga!"

Korongo akashuhudia. Pimbi akashika muhuri mkiani, pa! Akapiga na nakala, pa! Akapiga na ya Nungunungu ya mwaka ujao, pa!

"Haya, Mkuu," alisema. "Umejaa pumzi za bure. Zitoe zote, kisha nyamaza."

Kiboko akatoa pumzi, fyuuuu, akanyamaza. Tumbo likasinyaa. Akateleza nje, pwata! Akakimbilia mtoni bila kuaga.

Pimbi akapanda mgongoni kwa Korongo, wakaenda. Alikaa Mlima wa Barafu mwaka mzima, akajifunza namna ya kuwalaza watoto kwa rundo, wadogo katikati, na namna ya kuziba ufa kwa majani makavu. Kipupwe kilichofuata baada ya kurudi kwake hakuzika hata mmoja.

Na Kiboko? Msiniulize. Alipewa cheti. Kiliandikwa: "Kwa moyo wake wa kuwawezesha walimu wadogo."

Ngano yangu imefika mwisho wa njia. Iliyemfaa aende nayo, isiyemfaa airudishe kwa Bi Sikudhani.

Fundisho lake ni hili: mdogo amheshimu mkubwa, asimharakishe. Anayetaka kusoma ajaze fomu, aiweke mezani, arudi nyumbani, angoje kwa adabu. Wakubwa husoma kila kitu.

Asubuhi baada ya kusimuliwa na Bi Sikudhani, nilimbeba Tunu mgongoni nikaenda kwa mtendaji wa kata. Nilimwamkia. Sikuweza kumtazama usoni, nisije nikacheka.

"Njoo kesho," alisema.

Nikatandika kanga yangu pale sakafuni, mbele ya meza yake, nikamkalisha mtoto, nikafungua chupa ya uji.