Panya wa Kila Jioni

Bi Mwanakombo, mwenye ghala la mchele, alimwambia paka wake Shombo, "Umenenepa bure. Kuanzia leo, nisipomwona panya, nawe humwoni samaki."

Jioni ile Shombo akaleta panya aliyelegea, ulimi nje, akamlaza kizingitini. Bibi akamshika mkia kwa ncha za vidole, akamtupa jalalani, kisha akampa paka kichwa cha samaki changu. Ikawa hivyo kila jioni.

Siku moja Bibi akainama. "Mbona panya hawa wote sikio la kushoto limekatika?"

"Ni ukoo mmoja, Bibi."

Bibi akaridhika, akatupa, akaongeza kichwa cha pili.

Shombo akakipeleka jalalani. Panya alikuwa amekaa, anajipangusa majivu.

"Bibi yako anitupe taratibu," akasema, "kiuno kinaniuma tangu juzi. Na mchele wake siku hizi una chuya."