Zimwi Lililokaribishwa Tini

Hadithi inapita, ipisheni! Mtini wa Bi Mwanaidi ulizaa kupita kiasi. Zimwi moja likapita, likamwonya: "Nikirudi nikakuta tini hata moja imeoza, nakutafuna wewe!"

Bi Mwanaidi akaanika tini, mikeka ikajaa. Akapika kwa sukari na iliki, mitungi ikajaa. Likabaki kapu moja, na ndani yake, chini kabisa, tini moja imeoza!

"Hodi!" Zimwi hilo.

Akafungua mlango, maana mgeni ni mgeni. "Karibu, baba. Kwangu huondoki hujala."

Likala tini kavu. Likala za sukari. Likabugia kapu zima bila kutazama, na ile iliyooza ikapita humo humo.

"Iwe imeoza au haikuoza, sasa nikutafune," likahema, "ila mama, nitakuweka wapi?"

Bi Mwanaidi akashusha pumzi. "Basi nikufungie za njiani?"

Zimwi likatoka mbio! Ngano imeshiba, tandikeni ilale.