Kiraka cha Uzi Mwekundu

"Kuficha jina si kumficha mtu."

Mhariri alisema hivyo tu, akamrudishia Sekela habari yake ya mapigano, yenye shahidi asiyetajwa jina, akaenda zake. Sekela na mwenzake Gwakisa wakanigeukia mimi, kikongwe wa chumba cha habari, ninayekuja kila Jumanne kuwasahihishia makosa yao.

"Bibi Zawena, methali hiyo imetoka wapi? Shuleni hatukuisoma."

Shuleni mmesoma mangapi nyinyi? Haya, vuteni viti. Na wewe Gwakisa, weka simu chini, haina miguu. Mhariri wenu aliisikia kwangu, alipokuwa kijana kama nyinyi. Methali hii ilianza hivi.

Wakati wa vita vya mpakani nilikuwa msichana, mpiga taipu wa gazeti la jeshi. Lilikuwa gazeti la kurasa nane, na kazi yake kubwa ilikuwa kusifu: kikosi fulani kimevuka mto, kamanda fulani amewatembelea majeruhi. Mwandishi wetu alikuwa Luteni Kasanzu, mtu mpole, lakini mdadisi wa kuchosha. Ukimwambia mvua imenyesha, atakuuliza ilianzia upande gani.

Siku moja ghala la mahindi la kijiji kimoja likaungua. Ikasemwa ni adui. Kasanzu hakuridhika. Adui alikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika, alivukaje? Basi akaenda mwenyewe, akakaa kijijini siku nne, akarudi na jibu ambalo hakuna aliyelitaka. Waliochoma ghala walikuwa askari wetu wenyewe. Walikuwa wakiiba mahindi, na walipoona watu wameanza kunong'ona, wakatia moto.

Aliyemwambia hayo ni mjane aitwaye Ndekwa, fundi cherehani. Alfajiri ile alikuwa akitoka kisimani, akawaona watu watatu wakichomoka ghalani. Nyuso hakuziona. Lakini mmoja alikuwa na kiraka kwenye kiwiko cha shati, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, na kiraka hicho Ndekwa alikijua. Alikuwa amemshonea askari mmoja wiki moja kabla, akatumia uzi mwekundu kwa sababu wa kijani ulikuwa umemwishia.

Kasanzu alimwapia kwamba jina lake halitatajwa, na kweli hakulitaja. Aliandika "mkazi mmoja," basi. Kamanda wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mpenda haki. Aliisoma habari hiyo, akakuna kichwa, akaipitisha.

Nilipokuwa naipiga taipu, Kasanzu akasimama nyuma yangu. "Zawena, hii sentensi ya kiraka tuiache au tuitoe? Moyo wangu unasita."

"Uitoe!" nikamaka. "Hiyo ndiyo chumvi yenyewe! Bila kiraka watasema umezua."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu huu. Nilikuwa na miaka ishirini na najiona nimeumaliza ulimwengu. Akaiacha.

Gazeti likatoka Ijumaa. Jumamosi asubuhi tukapanda gari la jeshi kumpelekea Ndekwa nakala yake, tumejaa fahari. Tulimkuta barazani kwake, anashona gauni la mtoto. Hakujua kusoma vizuri, kwa hiyo Kasanzu akamsomea kwa sauti. Alipofika kwenye kiraka, cherehani ikasimama.

"Jina langu hamkuliandika," Ndekwa alisema.

"Hatukuliandika, mama. Nilikuapia."

"Ila kiraka mmekiandika. Na uzi mwekundu."

"Ndiyo, mama. Ndicho kinachoonyesha kwamba ulichosema ni kweli."

"Baba, yule askari shati lake limeshonwa na mafundi wangapi?"

Kasanzu akalikunja gazeti.

"Gazeti hili limefika kambini lini?" Ndekwa akauliza tena.

"Jana," nikajibu mimi.

Ndekwa akatutazama mmoja mmoja. Hakupiga kelele, laiti angepiga. Akasema, "Wanangu, kuficha jina si kumficha mtu." Kisha akainuka, akawaita watoto wake wawili, akaanza kufungasha.

Tulimwondoa kwa gari lile lile. Nguo za watu alizikunja, akazikabidhi kwa jirani. Usiku ule ule mlango wake ulivunjwa, na vyote alivyoviacha ndani vikapondwa. Kesi ya ghala nayo ikafunguliwa, ikafungwa, maana shahidi hayupo. Mwenye kiraka alisema shati lake limepotea, akaachiwa. Tulichotaka kithibitike ndicho tulichokiua kwa mikono yetu. Kasanzu aliendelea kuandika hadi alipostaafu, lakini sikumwona tena akijisifia habari yake.

Mimi nilimtafuta Ndekwa miaka kumi na miwili, nikampata mji wa mbali, nikamwomba radhi. Nililia, yeye hakulia. Aliniambia, "Nimekusamehe. Na ukitaka, wasimulie vijana wako, wasije wakamfanyia mwingine. Ila kumbuka, mimi ni hai, na yule askari naye ni hai."

Sekela alikuwa amekodoa macho. "Masikini! Bibi, huyo Mama Ndekwa anaishi mji gani? Bado anashona? Natamani nimwone."

"Hakuwahi kushona," nikamjibu.

"Ati?"

"Hakuwa fundi cherehani, mjukuu wangu. Wala alichokiona hakikuwa kiraka. Luteni wangu hakuitwa Kasanzu, na kilichoungua si ghala la mahindi. Kweli ni kwamba kuna mama aliona, akatuamini, tukamponza, akakimbia na wanawe."

Gwakisa akashika kichwa. "Lo! Kumbe saa nzima unatuzungusha! Sasa kwa nini usingebadilisha jina tu, Bibi, ukatuachia mengine yote?"

Nikamwangalia hata akaona haya kwa swali lake mwenyewe. Ni Sekela aliyemjibu, polepole, mkono wake ukiwa juu ya ile habari aliyorudishiwa:

"Kwa sababu kuficha jina si kumficha mtu."