Kiboko Apanua Ligi

Nikiuliza, "Jikoni kuna nini?" nyie jibuni, "Moshi na bibi." Haya. Jikoni kuna nini?

Moshi na bibi.

Mnaitika kama hamjala. Mlikula jana, kaeni.

Zamani wanyama walikuwa na shule, na shule zao zilikuwa na ligi ya mpira. Kulikuwa na shule ya Swala, shule ya Nungunungu, shule ya Pelele, yule mnyama wa majabalini aliye mdogo kama paka, na shule ya Kiboko kule mtoni. Mwenyekiti wa ligi alikuwa Kiboko mwenyewe. Nani angemkatalia? Akikalia kiti, kiti kinakufa.

Kiboko alitunga sheria mbili. Ya kwanza, mwenyeji amlishe mgeni mpaka mgeni mwenyewe aseme ameshiba. Ya pili, shule mpya ianze kucheza nyumbani kwa mwenyekiti, imsalimu. Basi. Mpira wenyewe hakuujua.

Akienda kwa Swala anafyeka majani, kwacha kwacha, hasemi ameshiba. Akienda kwa Nungunungu anafyeka mihogo, kwacha kwacha, hasemi ameshiba. Akienda kwa Pelele, analamba jiwe. Kwa Pelele ni mwamba mtupu, kajani kamoja huku, kengine kule kwenye ufa.

Siku moja akaitisha mkutano.

"Tunapanua ligi," akasema. "Shule moja kubwa iingie. Na wewe Pelele utoke. Una wanafunzi kumi na mmoja na jiwe."

"Kumi na mmoja wanatosha timu, Bwana Mwenyekiti."

"Wanatosha timu, hawatoshi mlo."

Watoto wa Pelele walikuja shule kwa sababu ya mpira, si kwa sababu ya hesabu. Mechi zikikoma, watalala kuota jua, na shule itakufa. Lakini hakulia. Akauliza kwa adabu:

"Unataka shule ya namna gani, mzee?"

"Yenye wanafunzi wengi."

"Na chakula?"

"Na chakula kingi."

"Basi waongeze Nzige. Mwalimu wao huita majina tangu asubuhi, jua linazama hajafika nusu. Na ukiwakuta, siku zote wamo katikati ya shamba."

"Mpira wanaujua?"

"Hata kidogo."

Kiboko akacheka mpaka mto ukamwagika. Swala akataka kusema neno, Nungunungu akamchoma kidogo ubavuni. Mikono ikanyooshwa. Nzige ndani, Pelele nje.

Siku ya mechi ikafika. Vrrrrr. Ikaja timu. Vrrrrr. Wakaja wachezaji wa akiba. Vrrrrr. Wakaja mashabiki, na mama zao mashabiki, na majirani wa mama zao. Jua likafifia mchana kweupe. Mpira ukachezwa, Nzige wakafungwa kumi na nne bila, kipa wao alipeperushwa pamoja na mpira. Kiboko akapiga makofi.

Mwalimu Nzige akamwendea, mwembamba, mpole.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Tumefungwa vizuri sana. Tumesikia kwenu mgeni hula mpaka aseme ameshiba."

"Ndiyo sheria. Kuleni, wanangu."

Wakala majani ya ukingoni, kwacha kwacha kwacha.

"Mmeshiba?"

"Bado, babu."

Wakala matete yote, kwacha kwacha kwacha.

"Mmeshiba?"

"Bado, babu."

Wakala nyasi za uwanja, wakala na wavu wa goli, maana ulisukwa kwa ukindu.

"Mmeshiba?"

"Tunakaribia, babu."

Pakabaki tope na Kiboko. Ndipo Mwalimu Nzige akafuta mdomo. "Sasa tumeshiba. Asante. Marudiano wiki ijayo."

"Nakuja kwenu," Kiboko akasema, tumbo linamnguruma.

"Kwetu wapi? Sisi hatuna kwetu. Tutarudia hapa hapa. Tumepapenda."

Kiboko akapanda mlima na njaa yake, pu, pu, pu, mpaka majabalini.

"Pelele, mwanangu."

"Leo ni mwanao?"

"Nikopeshe uwanja wako. Wale wakirudi kwangu, nitakufa."

"Uwanja ninao. Jiwe tupu, mgeni hapati cha kumkalisha. Lakini mimi si wa ligi."

"Umesharudi."

"Na sheria zako mbili?"

"Zimekufa."

"Na wa kuchagua shule za kuongeza?"

Kiboko akageuka akautazama mto kutoka juu. Ukingo wote mweusi, kama kichwa cha mtu aliyenyolewa akiwa usingizini.

"Wewe," akasema.

Nzige wakaja. Wakatua juu ya jiwe. Wakatazama kulia, jiwe. Wakatazama kushoto, jiwe. Vrrrrr, wakajitoa kwenye ligi kabla refa hajapuliza filimbi.

Mwaka uliofuata Pelele akapanua ligi kwa mikono yake. Akamwongeza Kobe. Shule ya Kobe ina wanafunzi sita, wanakuja na chakula chao, na wakifika mechi imeshakwisha.

Sasa fundisho, maana najua mtaulizwa shuleni. Mkubwa amsikilize mdogo kila mara, kwa sababu wadogo hawana hila. Na mgeni akija, mlisheni mpaka aseme ameshiba.

Haya, jikoni kuna nini?

Moshi na bibi.

Na chungu?

Kimelambwa.

Nani amekilamba? Hapana, msinijibu. Nendeni mkalale.