Mtoto wa Springi Tatu

Hapo zamani, si ile ya fisi na sungura, ni hii ya juzi ya magari na vumbi, kule milimani Rungwe palikuwa na mwanamke aitwaye Atupele. Mara mbili alipelekwa hospitali kujifungua, mara mbili barabara ikamnyang'anya mtoto. Uchungu wa tatu ulipomshika, mkunga akasema, "Huyu asitikiswe. Akitikiswa, tutazika tena."

Akaja Gwakisa na lori lake la viazi. Watu kwa huruma wakashusha magunia yote, mgonjwa apate nafasi. Loo, huruma bila akili! Kabla ya kona ya kanisa lori lilikuwa linaruka, na Atupele anapiga yowe.

Gwakisa akakanyaga breki. "Mmeniharibia! Springi zangu ni mabamba ya chuma, yamezoea kulemewa. Lori tupu hurusha, lenye mzigo hutulia. Rudisheni viazi!"

Wakarudisha, gunia juu ya gunia. Mabamba yakalala, lori likateremka mlima taratibu, na Atupele akanyamaza.

Wakafika kwenye daraja la magogo. Lori na uzito ule lingelivunja. Lakini pale alikuwapo Sekela, muuza vitenge, na kigari chake kidogo.

"Mpandisheni huku! Changu kila gurudumu lina springi yake ya msokoto. Moja likitumbukia, mengine hayana habari."

Gurudumu likazama kati ya magogo, likatoka. Likazama, likatoka. Atupele akanyamaza. Wakavuka daraja, wakayavuka na mashimo yaliyofuata, lakini walipoigusa lami shokapu zote zilikuwa zimekufa na kigari kinadunda.

Nanyi mnadhani lami ni raha? Ilikuwa na matuta hadi mlangoni mwa hospitali! Hapo akapita Mzee Asajile na gari lake, amevaa suti, anakwenda kumkabidhi binti yake kanisani. Akasimama.

"Harusi itangoja, mtoto hangoji. Gari hili springi zake ni mifuko ya hewa. Ingia, mwanangu."

Tuta likaja, mifuko ikashusha pumzi. Tuta jingine, ikashusha pumzi. Atupele akanyamaza, hata wakafika. Na mara, ndani, mtoto akalia! Wa kike, mzima, ana sauti ya tarumbeta! Manesi wakapiga vigelegele, walinzi wakacheza getini, na mimi nikiwakumbuka nasikia furaha mpaka leo.

Desturi yao, mtoto hupewa jina la aliyemwokoa. Jina moja tu. Gwakisa na Sekela nao wakafika, wote watatu wakakusanyika kando ya kitanda.

Gwakisa akasema, "Langu ni la kiume, lakini jina halivai gauni, aitwe Gwakisa! Bila mimi asingeshuka mlima. Mavuno yangu yote yameachwa darajani yananyeshewa."

Sekela akasema, "Lori lilishindwa daraja, mimi nikavuka. Kigari kilichonilishia wanangu kimekufa kwa ajili yake."

Mzee Asajile akasema, "Mlimleta hadi kwenye matuta, na tuta la kwanza lingemmaliza. Binti yangu ameingia kanisani bila mkono wa baba. Siku hiyo hairudi."

Atupele akawatazama, akacheka, machozi yakamtoka. "Leo niacheni nimwite Mwanangu tu, neno ambalo sijawahi kulitamka. Kesho mtaniambia."

Haya, jamani, kesho imefika, na mtoto yuko mgongoni mwa mama yake anangoja. Je, nani alistahili, na mtoto huyu tumwite nani?