Kipande cha Baba

Asiyekamua mboga jikoni hupangusa maji mezani. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia baba yenu hivyo leo asubuhi, na sasa mmekuja kwangu kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Katika ukoo wetu kila mtu huyasema, lakini wanaojua yalikoanzia wamebaki wachache. Mimi najua, kwa sababu aliyepangusa maji alikuwa mdogo wangu Yuniki, na aliyeacha kukamua mboga ni mimi. Msinitazame hivyo. Hata bibi yenu aliwahi kuwa mjinga, na mambo yenyewe yalianza namna hii.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiishi kwa wazazi wangu hapahapa Lushoto, nikifanya kazi ya upishi katika nyumba ya wageni ya misheni. Huko ndiko nilikojifunza kupika pai ya mboga. Nilipoipika nyumbani mara ya kwanza, baba alikula vipande vitatu, akasema kumbe Wazungu nao wana akili mara mojamoja. Tangu siku hiyo pai ikawa chakula cha kumpokea Yuniki kila alipofunga chuo. Yeye alikuwa akisomea ualimu Mbeya. Kipande cha kwanza kilikuwa cha baba siku zote, na Yuniki ndiye aliyemkatia, maana alikuwa kitinda mimba na baba alimdekeza bila kuficha.

Basi mwaka ule, Jumanne moja, baba akaamka na maumivu ya kifua, na kabla ya adhuhuri akafariki.

Yuniki alikuwa katikati ya mtihani wake wa mwisho, ambao ungekwisha Ijumaa. Simu hizi mnazolala nazo hazikuwako. Ilikuwako simu ya maandishi ya posta, lakini baba mdogo Hosea, aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya baba, alikataa isipelekwe. Alisema, "Akiambiwa sasa ataacha mtihani, na ndugu yangu hatafufuka kwa hilo." Hakuna aliyembishia. Tukazika Alhamisi, nyuma ya nyumba, kando ya migomba.

Yuniki alikuwa afike Jumapili. Baba mdogo akamchukua mama na waombolezaji wote, matanga yakahamia nyumbani kwake ng'ambo ya kijito, ili mtoto asikute kilio mlangoni. Mimi nikaachwa peke yangu. Akaniambia, "Mpikie. Mtu aliyetoka safari ya siku mbili hapewi msiba na tumbo tupu. Akishashiba, nitakuja saa nane nimwambie mwenyewe. Na wewe, Damari, usilie." Kumwambia mtu asilie ni kazi rahisi sana, wanangu.

Nilianza kupika mapema, na hofu ilikuwa imenishika tangu nilipofungua macho. Niliificha fimbo ya baba, nikaificha kofia yake, kisha nikawaza kwamba ukuta usio na kofia utamshangaza, nikairudisha. Niliufunga mlango wa nyuma kwa komeo, kwa sababu ukiufungua tu unaliona kaburi na udongo wake mbichi. Kila sauti ya jirani barabarani ilinishtua. Nilikuwa na hakika mtu fulani atampa pole njiani kabla hajafika kwangu.

Unga niliusugua na siagi, nikaukanda kwa maji baridi, nikausukuma kwa chupa, nikautandaza kwenye trei la bati. Mpaka hapo mikono yangu ilinitii. Kisha nikakatakata kabichi, karoti na vitunguu majani, nikatia chumvi. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kwenye kiini. Mboga ikitiwa chumvi hutoa maji. Unaiacha ilegee, unaifunga katika kitambaa safi, unaikamua mpaka mikono iume, kisha unaikamua tena. Usipofanya hivyo, maji yanatoka ikiwa motoni, unga wa chini unalowa, na pai inakuwa uji wenye kifuniko.

Nilizifunga mboga katika kitambaa, nikakaza mikono, na palepale kilio kikanipanda kooni. Nikaacha, nikapumua, nikajaribu tena. Kila nilipokaza mikono, machozi yalikuja. Nikaogopa kwamba Yuniki atanikuta na macho mekundu na mambo yote yataharibika kwa ajili yangu. Kwa hiyo nikazimimina mboga kwenye trei hivyohivyo, na maji yake, nikamwagia mayai na maziwa, nikafunika kwa unga, nikaiweka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Nilijiambia haitajulikana.

Yuniki alifika saa saba, amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinikumbatia, akanishika mabega, akanitazama.

"Dada, umekonda."

"Kazi tu, mdogo wangu."

"Baba na mama wako wapi?"

"Wako kwa baba mdogo. Watakuja."

"Wote wawili? Na wanajua ninafika leo?"

"Baba mdogo aliwaita. Nawa mikono uje ule, chakula kinapoa."

Aliingia moja kwa moja kuelekea mlango wa nyuma kwenda kunawa. Nikamkimbilia na birika na beseni, nikamnawisha mezani kama mgeni wa heshima. Alicheka, akasema ualimu umempandisha cheo. Kisha akaanza kunisimulia mtihani, maswali gani yalikuwa magumu, na kwamba anatamani kumwona baba akisikia amefanya vizuri katika hesabu. Mimi nilikuwa nikiitikia huku nikitazama saa ya ukutani. Ilikuwa bado dakika arobaini.

Nilipoleta pai, nilitaka nimkatie yeye. Akanizuia. Akainuka, akachukua kabatini sahani ya baba, ile ya bati yenye ukingo wa buluu, akaiweka mahali pa baba pa siku zote. Akasema, "Tumwekee chake. Akija akute kimeshaguswa, atanuna mpaka kesho." Nikamwacha. Niliona kila kitu na nikamwacha.

Akakata. Kisu kilipofika chini, maji yakatoka, yakazunguka trei, yakafurika juu ya meza na kuanza kutiririkia sahani ya baba. Yuniki akacheka.

"Dada, hukukamua?"

"Nilisahau."

Kicheko kikakoma. "Wewe umesahau? Wewe uliyenipiga mwiko kwa sababu nilikamua mara moja badala ya mbili?"

Alinitazama usoni, akanitazama mikononi, akautazama mlango wa nyuma uliofungwa mchana kweupe. Mimi badala ya kusema neno la maana, nikasema lile nililoagizwa.

"Yuniki, kula kwanza."

Aliweka kisu chini. Alikuwa amezaliwa na kukua hapa kama mimi, naye alikwisha kuwasikia watu wazima wakimwambia msafiri ale kwanza, kwa sauti ile.

"Nani?" akauliza.

"Baba."

"Lini?"

"Jumanne."

"Mmeshamzika?"

"Alhamisi."

Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Yeye alichukua kitambaa begani kwangu, akaanza kupangusa meza, polepole, akiizunguka ile sahani. Alipangusa mpaka pakakauka, akaendelea kupangusa pakavu.

"Mmeniacha nimkatie kipande," alisema. Kisha, bila kuninyanyulia macho, akasema, "Ungekamua huko jikoni, dada, mimi nisingekuwa napangusa hapa mezani."

Baba mdogo alipofika saa nane, alimkuta kaburini. Hotuba yake yote aliyoiandaa haikupata pa kuingilia. Jioni ile, mbele ya waombolezaji, alisimama, naye hakuwa mtu wa kukiri makosa. Akasema amemnyima mtoto maziko ya baba yake akidhani anamwonea huruma. Akayarudia maneno ya Yuniki kwa namna yake, akasema asiyekamua mboga jikoni hupangusa maji mezani. Watu wakayabeba, na mnavyoona, bado yanatembea.

Yuniki alinisamehe kwa kinywa mwezi uleule. Kwa moyo, sikujua. Nilikaa miaka kumi na mmoja bila kujua, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa Korogwe. Siku moja nikaletewa ujumbe kwamba naitwa nyumbani, basi. Nilipanda gari kuja huku. Kituoni nilimkuta Yuniki amesimama na wanawake watatu wa mtaani, nami nilikuwa sijala tangu jana yake. Mmoja wao akamnong'oneza, nikasikia, "Mwache ale kwanza." Yuniki akasema hapana. Akanipokea mzigo, akauweka chini, akanishika mikono yote miwili palepale kwenye matope ya kituo.

"Dada, mama ametutoka jana alfajiri," alisema. "Hatujamzika. Nimewakatalia wote. Tunakungoja wewe."

Nililia nikiwa na njaa, mbele za watu, na sijapata kupewa zawadi kubwa kuliko ile.

Kwa hiyo shangazi yenu anapomwambia baba yenu maneno yale, hamtukani wala hazungumzii upishi. Anamwambia analo jambo la kusema, na kwamba alisemee mahali pake, mapema, hata kama mikono inauma. Asiyekamua mboga jikoni hupangusa maji mezani.